Ujira wa Sindano

Mteja wa Kimaori wa karne ya 19 alikumbushwa deni lake akiwa amelala chali, uso umevimba, fundi kamwinamia na kipatasi cha mfupa mkononi. Horatio Gordon Robley, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyefika New Zealand wakati wa vita vya miaka ya 1860, alichapisha mwaka 1896 kitabu juu ya moko, yaani michoro ya usoni ya Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo. Humo ameeleza kuwa kazi ile ilikwenda na nyimbo. Nyingine zilikuwa za kumliwaza anayeumia. Lakini ulikuwapo wimbo uliotaja malipo waziwazi: mkarimu alihakikishiwa uso wa kupendeza, na aliyemsahau fundi alionywa kuwa yake itakuwa kazi ya ovyoovyo.

Ni biashara chache ambamo mteja hana ubavu wa kubishana bei kama hii. Suruali iliyokosewa hurudishwa kwa fundi cherehani ikafumuliwa, ngozi hairudishwi. Ndiyo maana popote palipokuwa na desturi ya kuchora mwili watu waliufikiria sana ujira wa mchoraji: nani aulipe, kwa mali gani, na lini. Siku hizi kijana huingia studio ya Nairobi au Dar es Salaam, akatoa simu, akaonesha picha na kuuliza, "Hii bei gani?" Anauliza bei ya picha. Ukifuata historia ya kazi yenyewe unakuta picha ilikuwa na uzito mdogo katika hesabu. Kilichopandisha na kushusha bei, zama baada ya zama, ni mkono wa fundi, muda wake, vifaa vyake na sheria ya mahali alipo.

Robley huyohuyo anahusika na ukurasa mchungu kuliko yote katika habari za bei hizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wazungu walianza kununua vichwa vya Wamaori vilivyokaushwa, vyenye moko, na malipo yaliyotakiwa zaidi yalikuwa bunduki. Makabila yaliyokuwa vitani yalizihitaji ili yasimalizwe na majirani waliokwisha kuzipata. Vichwa vya watu wenye cheo vilipokuwa havitoshi, mateka na watumwa walichorwa nyuso kwa ajili ya kuuawa na kuuzwa. Gavana Ralph Darling wa New South Wales, Australia, alipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1831. Robley, baada ya kustaafu, alikusanya vichwa zaidi ya 30 huko Uingereza. Aliitaka serikali ya New Zealand ivinunue, ikakataa, na makumbusho ya historia ya viumbe ya New York ikanunua sehemu kubwa yake kwa pauni 1,250. Vilirudishwa New Zealand mwaka 2014. Moko uliochongwa kueleza ukoo na hadhi ya mtu aliye hai ulikaa zaidi ya miaka mia ukiwa mali ya ghala la makumbusho. Katika pauni zile zote hakuna senti iliyohusu jasho la aliyeuchonga, wala damu ya aliyechongwa.

Anayetaka kuona ujira wa mchoraji ukiwa na heshima yake kamili aitazame Samoa, kwa sababu huko kazi haikukatika. Mmisionari John Williams alifika mwaka 1830, na kanisa likaipiga vita desturi hiyo. Katika Tonga ya jirani sheria ya 1839 iliikataza, ikafifia. Wasamoa waliendelea. Mwanamume huchorwa pe'a, kuanzia kiunoni hadi magotini, mchoro mzito unaofunika karibu ngozi yote ya sehemu hiyo. Mwanamke huchorwa malu, mwepesi zaidi, kwenye mapaja hadi chini kidogo ya magoti. Fundi huitwa tufuga tā tatau, na kwa desturi ufundi huu umeshikwa na koo mbili, Sā Su'a na Sā Tulou'ena.

Chombo chake ni kichana kidogo. Meno yake membamba, makali, yamechongwa kutoka kwenye chonge ya nguruwe. Yamefungwa kwenye kipande cha gamba la kasa, na kipande hicho kimefungwa kwenye mpini. Fundi ana vichana vya upana tofauti: chembamba cha mistari, kipana cha kujaza weusi. Huchovya meno kwenye wino uliotengenezwa kwa masizi ya kokwa za mti uitwao lama, akaweka kichana juu ya ngozi, kisha akakigonga kwa kijiti kingine. Ko, ko, ko, bila kusita, kwa kasi isiyobadilika. Wasaidizi wameketi kushoto na kulia wakiivuta ngozi iwe imetanuka, maana ikilegea mstari hupinda. Haohao ndio wanaofuta damu. Mbali na alama chache za mwanzo, ramani yote ya mchoro imo kichwani mwa fundi. Akitetereka mara moja tu, kosa lake litatembea kijijini kwa miaka hamsini.

Watu wote hawa wanakula. George Turner, mmisionari aliyeishi Samoa katika miaka ya 1840, aliandika kwamba kazi ya kuchora kundi la vijana iliweza kwenda miezi miwili au mitatu, jamaa wakileta chakula muda wote huo, na kwamba ujira wa fundi ulikuwa mikeka laini pamoja na nguo za magome ya miti. Mikeka hiyo ndiyo mhimili wa hesabu. Husukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mkadi, ambao wenyeji wa mwambao wetu wanaujua kwa harufu ya maua yake. Majani huchemshwa, hukaushwa juani, kisha huchanwa nyuzi nyembamba mno, na mkeka mmoja mzuri huweza kumchukua msukaji miezi mingi, hata kupita mwaka. Haulaliwi wala haukaliwi. Hutolewa harusini, misibani, chifu anapotawazwa, na fundi mkubwa anapolipwa. Thamani yake hupanda kwa wembamba wa nyuzi na kwa sifa ya mikono ambayo umepitia. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza usukaji huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tazama basi kilichokuwa kikibadilishwa. Kijana alipokea kazi ya mikono ya fundi iliyokula majuma, naye fundi akapokea kazi ya mikono ya wanawake wa ukoo iliyokula miezi. Muda ulilipwa kwa muda. Wala kijana hakulipa peke yake. Mjomba, shangazi, babu, kila mmoja alitoa. Ndiyo sababu aliyeshindwa na maumivu akakimbia katikati alibaki na aibu kubwa hivyo. Wasamoa wana jina la mchoro uliokatishwa, pe'a mutu, na mwenye nao aliwaaibisha watu ambao mali yao ilikwisha kutoka. Kumsaidia asifike huko, alichorwa pamoja na mwenzake, mmoja akiumia leo na mwingine kesho.

Desturi hii ilihama na watu wake. Auckland, New Zealand, iligeuka kitovu kipya cha kazi hiyo mikononi mwa Su'a Sulu'ape Paulo II, fundi mashuhuri hadi kifo chake mwaka 1999, ambaye alichora hata watu wasio Wasamoa na kuzusha mabishano makali nyumbani. Leo fedha taslimu zimeingia katika ujira, lakini mikeka na chakula havijatoka. Kilichobadilika zaidi ni chombo: mafundi wengi wameacha chonge na gamba la kasa, wakatumia chuma na plastiki, vitu vinavyostahimili kusafishwa kwa joto kali kati ya mteja mmoja na mwingine.

Jerusalem ilikuwa na hesabu ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1612 msafiri wa Scotland, William Lithgow, alichorwa mkononi jina la Yesu na msalaba na Mkristo mmoja wa Bethlehemu aliyekuwa akiwahudumia watawa. Haikumtosha. Akaongeza mwenyewe chini yake mataji ya mfalme wake, James. Lithgow aliandika hata malipo aliyotoa: piasta 2. Ni miongoni mwa bei za zamani za tatuu ambazo mlipaji mwenyewe ametuachia kwa maandishi, na inasikitisha kwamba wasafiri wachache walijali kuandika jambo la kawaida kama hilo.

Mfaransa Jean de Thévenot, aliyechorwa huko mwaka 1658, alieleza jinsi kazi ilivyokwenda. Fundi alikuwa na mihuri ya mbao iliyochongwa picha takatifu. Hujaji alichagua, muhuri ukapakwa unga wa mkaa na kugandamizwa mkononi, picha ikabaki juu ya ngozi. Kisha fundi akaivuta ngozi kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akachoma kufuata mistari, akitumia kijiti chenye sindano mbili, kilichochovywa kwenye wino uliochanganywa na nyongo ya ng'ombe. Familia ya Razzouk, Wakristo wa Kikopti wenye asili ya Misri, bado wanaifanya kazi hii katika mji mkongwe wa Jerusalem, na wanayo mihuri ya wazee wao.

Muhuri ule ni uvumbuzi wa kibiashara. Mahujaji walifika kwa wingi siku za Pasaka, wote wakitaka kitu kilekile, wote wakiwa na safari ya kurudi. Kwa muhuri fundi hakuhitaji kubuni wala kuchora kila mara; picha ilikwisha kulipiwa siku mbao ilipochongwa, na hujaji alilipia kuchomwa tu. Mataji ya Lithgow hayakuwamo kwenye muhuri. Kila fundi wa leo anamjua mteja wa aina hiyo: anachagua kilichopo ukutani, kisha anaomba "nyongeza kidogo".

Kilichobaki ghali, basi, kilikuwa kuchoma kwenyewe. Gharama hiyo ilianguka New York.

Martin Hildebrandt, mhamiaji wa Kijerumani, alikuwa ameonesha kwamba mtu anaweza kuishi kwa kazi hii Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 alizunguka kambi hadi kambi akiwachora askari, kisha akashikilia duka mjini New York. Yote kwa mkono, sindano zikifungwa kwenye kijiti. Tarehe 8 Desemba 1891, Samuel O'Reilly wa mji huohuo alipewa hataza namba 464,801 ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu. Wazo hakulitoa hewani. Mwaka 1876 Thomas Edison alikuwa ametoa kalamu ya umeme iliyotoboa karatasi matundu madogo ili wino upenye na kutoa nakala nyingi za waraka mmoja. Katika ofisi haikudumu. O'Reilly aliona kwamba kinachotoboa karatasi kitatoboa ngozi, akaweka mahali pa wino na namna ya kupima kina cha sindano.

Mkono uliokuwa ukichoma mara mbili au tatu kwa sekunde sasa ulishika kitu kinachochoma makumi ya mara kwa sekunde. Nanga iliyokula mchana mzima ikamalizika baharia akiwa bado anasimulia safari. Fundi aliyewachora wateja wawili kwa siku akaweza kuwapokea wengi, na bei ya mchoro mmoja ikashuka hadi mfukoni mwa kibarua wa gatini.

Charlie Wagner, aliyechukua nafasi ya O'Reilly kwenye namba 11 Chatham Square, karibu na mtaa wa Bowery, alipata hataza yake ya mashine iliyoboreshwa mwaka 1904. Mahali penyewe palikuwa nyuma ya kinyozi. Bowery ulikuwa mtaa wa vilabu, vyumba vya kulala kwa usiku mmoja, mabaharia na watu wasio na kazi, na kinyozi na mchoraji waligawana wateja na kodi. Mwenzake Wagner, Lew Alberts, alikuwa mbunifu wa karatasi za ukutani. Alipoona michoro hafifu iliyokuwa ikitumika alichora upya, nanga, mbayuwayu, mioyo, majoka, wanawake, akaipanga kwenye karatasi kubwa na kuwauzia wachoraji wengine. Karatasi hizo zilitundikwa ukutani kote, na bei ikaandikwa kando ya picha. Mteja alinyoosha kidole. Sasa bei ilikuwa kweli ya picha, iliyopangwa kabla mteja hajazaliwa pengine, nanga bei moja kwa mtu mwembamba na mnene.

Kila picha ya ukutani ilikuwa na kiolezo chake. Fundi alikata mistari kwa sindano juu ya kipande cha plastiki angavu cha siku zile, akapaka unga wa mkaa uingie kwenye mifereji. Mkono wa mteja ulinyolewa, ukapakwa mafuta mazito, kiolezo kikagandamizwa, na unga ukabaki juu ya ngozi. Kiolezo kimoja kiliweza kutumika miaka na miaka. Ni muhuri wa Jerusalem uleule, ukiwa na umeme pembeni. Na wengine walipoanza kuuza mashine, wino na karatasi za picha kwa njia ya posta, kama Percy Waters wa Detroit, yeyote mwenye anwani na akiba kidogo aliweza kufungua kibanda. Wachoraji wakawa wengi, wakashindana kwa bei, na ufundi ukashuka.

Hata hivyo mashine haikushusha bei kila mahali kwa kiasi kimoja. London alikuwapo Sutherland Macdonald, aliyekuwa na hataza yake ya 1894, akifanya kazi kwenye hamamu ya Jermyn Street, mtaa wa watu wenye nazo. Wateja wake walikuwa maofisa na watu wa nasaba. Uchoraji ulikuwa umepata sifa kwa wakubwa: mwana wa malkia aliyekuja kuwa Edward wa Saba alichorwa msalaba huko Jerusalem mwaka 1862, na mwanawe George alirudi na joka mkononi kutoka Japani mwaka 1881, akiwa baharia kijana kwenye manuwari ya Bacchante. Macdonald na Wagner wote walichoma ngozi kwa sindano na wino. Lakini anayelala kwenye kochi la hamamu na anayeketi nyuma ya kinyozi hawakulipa sawa, na hadi leo kodi ya mtaa hukaa ndani ya bei ya tatuu bila kutajwa.

Japani yenyewe ilikuwa na kioja chake. Serikali ilipiga marufuku uchoraji mwaka 1872, ikihofia kwamba Wazungu wangewaona Wajapani kuwa washenzi, huku Wazungu haohao wakipanga foleni Yokohama kuchorwa na mafundi wa Kijapani. Marufuku iliwabana wenyeji. Ilidumu hadi 1948.

Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo liliingiza mkono wake katika soko bila kukusudia. Mwaka 1909 lilitoa agizo kwamba kijana mwenye michoro ya aibu asiandikishwe, ila apewe nafasi ya kuibadilisha. Wanawake waliochorwa uchi kwenye vifua na mikono ya vijana wa Kimarekani wakahitaji kuvikwa nguo. Mwaka 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Wagner alifikishwa mahakamani New York kwa kutosafisha sindano zake ipasavyo. Alijitetea kuwa kazi ya vita imemzidi: anawavika nguo wanawake hao ili vijana wapokelewe jeshini. Alitozwa faini ya dola 10 na kuambiwa asafishe sindano.

Dola zile 10 zinasema mengi juu ya kilichokuwa kimeondolewa kwenye bei. Tatuu ya Bowery ilikuwa nafuu kwa sababu mashine ni ya haraka na picha ni ya kurudia, lakini pia kwa sababu sindano iliyotoka kwa mtu mmoja iliingia kwa mwingine, na ndoo ya maji yenye sifongo ilitumika kutwa nzima. Unafuu huo ulilipiwa na damu ya wateja. Mwaka 1961 jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji wote, likitaja ugonjwa wa ini unaoenezwa kwa sindano chafu. Marufuku hiyo ilikaa hadi 1997, miaka 36, na haikuimaliza kazi. Wachoraji walihamia vyumbani mwao, wakapokea wateja kwa kujuana. Mji uliofunga duka la wazi ulijinyima mkaguzi, na mtu anayejali afya ya vijana hawezi kuusifu uamuzi huo.

Suluhisho lilitoka kwa mafundi wenyewe, na lilikuja na bei mpya. Norman Collins, aliyejulikana kama Sailor Jerry, alikuwa na duka Honolulu, mji uliojaa wanamaji. Alikuwa miongoni mwa wachoraji wa mwanzo kusafisha vifaa kwa mvuke wenye mgandamizo kama hospitalini, alitafuta rangi zilizo bora, na aliandikiana barua na mabingwa wa Japani, ambako mgongo mzima huchorwa kama picha moja na mteja hurudi wiki baada ya wiki kwa miaka. Alifariki mwaka 1973. Mwaka huohuo kijana aliyemwona kama mwalimu wake, Don Ed Hardy, aliyekuwa amesomea uchapaji wa picha katika chuo cha sanaa cha San Francisco, alikwenda Japani kufanya kazi na fundi Horihide wa Gifu. Aliporudi, mwaka 1974, alifungua Realistic Tattoo mjini San Francisco.

Realistic haikuwa na karatasi za picha zenye bei ukutani. Mteja aliandikisha siku, akaeleza anachotaka, Hardy akachora kitu ambacho hakijawahi kuchorwa kwa mtu mwingine. Basi bei ya kidole kilichonyooshwa ukutani haikuwezekana tena. Kilichouzwa kilikuwa saa za mtu mmoja mwenye jicho na mkono. Studio nyingi zilizofuata njia hiyo zinatoza kwa saa, au kwa siku nzima ikiwa mchoro ni mkubwa, na zinadai arabuni ili siku iliyotengwa isipotee bure. Mashine ya O'Reilly iliutoa muda kwenye bei, Hardy aliurudisha.

Baada ya ukimwi kuingia, katika miaka ya 1980, glavu na sindano ya kutumika mara moja zikawa jambo la lazima. Mwaka 1991, miaka mia kamili baada ya hataza ya O'Reilly, Marekani ilitoa kanuni ya kazi juu ya magonjwa yanayoenezwa kwa damu, na studio zikaguswa. Hapo ndipo ilipozaliwa ile bei ya chini inayowakera wateja wa mara ya kwanza. Mtu anataka nyota ndogo kuliko ukucha, anaambiwa bei inayomshangaza. Wino wa nyota hiyo ni tone. Lakini sindano mpya ifunguliwe, glavu zibadilishwe, kiti na taa na waya wa mashine vifunikwe plastiki, ngozi inyolewe na kusafishwa, kiolezo kiwekwe, na mwishoni vyote vitupwe. Kazi hiyo ni ileile kwa nyota na kwa simba.

Juu ya bei hiyo ya chini hukaa mengine. Mbavu, shingo, kiganja na nyayo huchukua muda zaidi kuliko mkono wa juu, kwa sababu ngozi ni nyembamba au ngumu na mteja hatulii. Rangi nyingi zina maana ya kubadilisha sindano na kurudia eneo. Kufunika tatuu ya zamani kwa mpya ni kazi mbili katika moja, kwani fundi lazima abuni kitu cheusi na kikubwa kiasi cha kuimeza ya kwanza. Na fundi anayechora katika studio ya mtu mwingine humwachia mwenye studio sehemu ya kila anachopata.

Sheria haijatoka katika hesabu. Tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umebana maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, na mwaka mmoja baadaye rangi moja ya buluu na moja ya kijani, zilizotumiwa na karibu kila fundi, zikaguswa pia. Wachoraji walilazimika kutupa chupa na kununua wino mpya. Japani, kwa miaka mingi mamlaka zilishikilia kuwa kuchora tatuu ni tendo la kitabibu linalohitaji leseni ya udaktari. Mchoraji mmoja wa Osaka alikataa kulipa faini, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 mahakama hiyo ikaamua kwamba kazi yake si udaktari. Kama ingeamua vingine, bei ya tatuu halali huko ingekuwa bei ya daktari.

Afrika Mashariki haikuingia katika habari hii na studio za juzi. Wamakonde wa Newala na wa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, walichora nembo usoni na mwilini kwa mikato midogo ya kisu iliyopakwa masizi, mistari ya pembepembe iliyoacha rangi ya samawati iliyokolea. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906, aliiandika na kuipiga picha. Kwa upande wa Msumbiji, chama cha ukombozi cha FRELIMO kiliipinga desturi hiyo kwa kuwa iliwagawa watu kwa makabila, na leo wenye nembo kamili ni wazee. Mafundi wa kisu hawakuwarithisha vijana wenye mashine. Vijana hao walijifunza kwa video na kwa kuangalia wenzao, na mashine, katriji za sindano na wino wao huagizwa kutoka nje, kwa hiyo dola ikipanda dhidi ya shilingi, ngozi ya Kinondoni nayo hupanda bei.

Kuna gharama moja zaidi ambayo haiandikwi kwenye risiti ya studio. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaja sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, na hapa hakuna nafasi ya kuvika nguo kama ile ya 1909. Anayetaka kuondoa mchoro hukimbilia leza, iliyofanyiwa majaribio ya mapema na madaktari wa Glasgow katika miaka ya 1980. Mwanga wake huvunja chembe za wino vipande vidogo ambavyo mwili huviondoa polepole, kwa hiyo kikao kimoja hakitoshi. Huhitajika kadhaa, vilivyoachana kwa wiki nyingi, kila kimoja kwa malipo yake. Weusi huondoka kwa urahisi zaidi. Kijani na buluu, rangi ambazo mteja aliongezewa bei ili azipate, ndizo zinazochelewa kutoka, na jumla ya vikao mara nyingi huipita mbali bei ya kuchorwa.